Afonso wa Kongo: Mfalme aliyefungua bandari, akashindwa kuifunga

WAKULIMA wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua mchezo wa kangomba. Mchuuzi anamfuata mkulima nyumbani wakati wa njaa, anamwachia fedha kidogo, halafu msimu ukifika anabeba mzigo kwa bei aliyoipanga yeye. Yapata miaka 500 iliyopita, upande wa pili wa Afrika, mfalme mmoja aliona mchezo unaofanana na huo ukiingia katika nchi yake yote. Aliandika barua, akaunda tume, akatoa marufuku, na bado mzigo uliendelea kutoka. Mzigo wenyewe walikuwa watu.

Mfalme huyo ni Mvemba a Nzinga, ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa jina lake la ubatizo, Afonso wa Kwanza. Alitawala ufalme wa Kongo kuanzia mwaka 1506 hivi hadi alipofariki mwishoni mwa 1542 au mwanzoni mwa 1543. Msomaji asiuchanganye ufalme huo na nchi mbili za leo zenye jina la Kongo, ingawa nchi hizo zimelipata jina hilo kwake kupitia mto. Makao yake makuu, Mbanza Kongo, yako kaskazini mwa Angola ya sasa, juu ya mlima wenye uwanda mpana, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Ufalme ulianzia mwambao wa bahari ya Atlantiki, kusini mwa mdomo wa mto Kongo, ukaingia bara kuelekea mto Kwango.

Kinachotufanya tumjadili katika kurasa hizi ni kwamba Afonso aliacha barua. Zimehifadhiwa zaidi ya 20, nyingi zikiwa Lisbon, alizowatumia wafalme wawili wa Ureno. Ni nadra kumpata mtawala wa Afrika wa zama zile aliyeeleza kwa maandishi yake mwenyewe jinsi biashara ilivyomwendea vizuri, kisha ikamgeuka. Ukizisoma kwa jicho la mtu wa sokoni, utaona nyingi zinazungumzia mambo ambayo mwenye duka la jumla anayajua vizuri: wakala asiye mwaminifu, usafiri ulio mikononi mwa mtu mwingine, na wateja wadogo wanaoruka ngazi na kwenda kuchukua bidhaa moja kwa moja.

Nchi yenye fedha yake

Wareno hawakuikuta Kongo ikiwa nchi isiyojua biashara. Watu walikwenda kwenye magulio yaliyozunguka kwa wiki ya siku nne, na siku hizo zilikuwa na majina yake: nkandu, konzo, nkenge na nsona. Gulio liliweza kuitwa kwa jina la siku yake, kama vile sisi tunavyosema gulio la Jumatano. Chumvi ilipanda bara kutoka pwani. Shaba ilitoka upande wa kaskazini. Vitambaa vilifumwa kwa nyuzi za majani ya mti wa jamii ya michikichi, na ufumaji wake ulikuwa laini kiasi kwamba Wareno waliovishika walivilinganisha na mahameli ya Ulaya. Wanawake walilima mtama na uwele, na mafuta ya mawese yalikuwa kitoweo, dawa na bidhaa.

Fedha iliyotumika ilikuwa nzimbu, kombe ndogo za konokono wa baharini. Kombe hizi zilipatikana hasa katika kisiwa cha Luanda, mbali kusini mwa mji mkuu, ambako wanawake waliingia majini, wakazoa mchanga na kuuchekecha. Kisiwa kile kilikuwa mali ya mfalme, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvuna. Kwa lugha ya leo tungesema benki kuu ilikuwa ufukweni. Hesabu yake ilikuwa na vipimo: funda ilikuwa nzimbu 1,000, lufuku 10,000 na kofo 20,000. Kodi ilikusanywa kwa nzimbu, watumishi walilipwa kwa nzimbu, na aliyetaka kununua kuku au jembe sokoni alihesabu nzimbu.

Hapa ndipo palipokuwa na nguvu ya mfalme. Magavana wa majimbo kama Soyo, Nsundi, Mbata na Mbamba walipeleka kodi Mbanza Kongo, na mfalme naye aliwarudishia zawadi: vitambaa vizuri, shaba, vitu adimu kutoka mbali. Gavana aliyerudi kwake na bidhaa za mfalme aliwagawia wakuu wa vijiji walio chini yake, na wao wakawapa wengine. Kila mtu alikuwa na sababu ya kumheshimu wa juu yake kwa kuwa bidhaa ilipitia hapo. Anayefahamu uhusiano wa duka la jumla na maduka ya rejareja ya vijijini ataelewa mara moja. Ataelewa pia ni nini kinatokea siku muuza duka wa kijijini anapopata simu ya kiwandani na kuagiza mwenyewe.

Kuja kwa meli

Nahodha Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Kongo kati ya mwaka 1482 na 1483, akasimika nguzo ya jiwe kama alama. Alipoondoka alichukua Wakongo kadhaa hadi Ureno, na katika safari iliyofuata wakarudishwa wakiwa wamevaa nguo za Kireno na wakijua lugha. Jambo hilo lilimvutia sana Nzinga a Nkuwu, mfalme wa wakati huo na baba yake Afonso. Mwezi Mei 1491 alibatizwa na kuitwa João, na muda mfupi baadaye mwanawe Mvemba, aliyekuwa mtu mzima tayari, akabatizwa Afonso.

Mzee hakudumu katika dini mpya. Mwana alidumu, na kwa muda hilo lilimweka mbali na jumba la baba yake. Alikuwa gavana wa Nsundi, jimbo la kaskazini mashariki lililokaa kwenye njia ya shaba na karibu na biashara ya mtoni. Miaka ile ya Nsundi ilimfundisha mengi. Alijifunza kusoma na kuandika Kireno, na alijifunza pia thamani ya kuwa mlinzi wa njia ya bidhaa.

Nzinga a Nkuwu alipofariki, mama yake Afonso alificha habari za msiba kwa siku chache ili mwanawe apate muda wa kufika mji mkuu. Ndugu yake wa baba, Mpanzu a Kitima, alikuja na jeshi kudai kiti. Afonso alishinda, na akasema ameshinda kwa msaada wa Mtakatifu Yakobo aliyeonekana angani na wapanda farasi. Wanaotaka kuamini wataamini. La uhakika ni kwamba tangu siku hiyo utawala wake uliegemea Kanisa, na Kanisa lilitoka Ureno. Alihitaji mapadri, vitabu, divai ya misa, walimu na mafundi, na vyote hivyo vilikuja kwa meli.

Tukumbuke kilichokuwa kikitokea huku kwetu katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida ziliishambulia Kilwa, kisha Mombasa, zikapora na kuchoma moto. Wareno walitaka kuingilia biashara ya dhahabu ya Sofala na njia ya India, na miji ya Waswahili ilikuwa imekaa mlangoni. Kongo haikuwa njiani kuelekea kokote walikokutaka, kwa hiyo ilitendewa kwa adabu. Mfalme Manuel wa Ureno alimwandikia Afonso kama ndugu yake. Kwa mtazamo wangu adabu hiyo ndiyo iliyoifanya Kongo ikae muda mrefu bila kuona hatari, jambo ambalo Kilwa, iliyovamiwa asubuhi moja, haikuwa na nafasi nalo.

Wakala wa kisiwani

Kati ya Kongo na Ureno kulikuwa na kisiwa cha São Tomé. Hakikuwa na watu mpaka Wareno walipoanza kukikalia miaka ya 1480 na 1490. Ardhi yake ya volkano na mvua nyingi ilifaa miwa, na mashamba ya sukari yalihitaji vibarua wasiolipwa. Meli nyingi za kwenda Kongo zilipita hapo, na mkuu wa kisiwa, Fernão de Melo, alikuwa amepewa na mfalme wa Ureno haki ya kufanya biashara katika eneo hilo.

Afonso alimchukulia Melo kama wakala. Alimtumia bangili za shaba kwa mamia na watumwa kwa makumi, akitarajia kupata silaha, vifaa na watu wa kumsaidia kueneza dini. Alichopata, kwa maelezo ya barua yake ndefu ya mwaka 1514, kilikuwa vitu hafifu visivyofanana na alichotoa, na safari nyingine hakupata kitu. Barua na zawadi alizomtumia mfalme wa Ureno zilizuiliwa kisiwani. Mtu aliyewahi kutuma mzigo kwa basi kwa kumwamini kondakta, halafu akaambiwa haujafika, anaweza kuisoma barua ile bila mkalimani.

Wataalamu aliowaomba walikuja, lakini wengi walimwangusha. Mfalme aliwalipa mapadri na mafundi waashi kwa nzimbu ili wapate chakula na mahitaji. Wao walizichukua nzimbu zilezile wakaenda kununua watu, wakafuga watumwa majumbani mwao au kuwapakia melini. Mafundi walikokota kazi ya ujenzi miaka nenda rudi, na posho ikiendelea kutoka. Inasikitisha kwamba fedha ya nchi, iliyotolewa kwa nia ya kujenga shule na makanisa, ndiyo iliyokuwa mtaji wa kwanza wa wanunuzi hao.

Mwaka 1512 Manuel alituma ujumbe mkubwa na maelekezo ya maandishi. Humo mlikuwa na mashauri kuhusu mahakama, vyeo na sherehe za kifalme, pamoja na nembo mpya ya ufalme wa Kongo. Lakini pia mjumbe aliagizwa ahakikishe meli hazirudi tupu: zijazwe watumwa, shaba na pembe za ndovu ili kufidia gharama. Inasimuliwa kwamba Afonso alisoma kitabu kikubwa cha sheria za Ureno, akaona jinsi zilivyo nyingi, kisha kwa utani akamuuliza Mreno mmoja kule kwao mtu akikanyaga ardhi anapewa adhabu gani.

Mfalme huyu hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. Wareno walitaka sana kuiona migodi ya shaba, na yeye aliwazungusha. Alijua kwamba siku watakapojua njia ya mgodini hawatamhitaji. Alitambua pia mahali penye kasoro. Bidhaa ilikuwa yake na bandari ya Mpinda, kwenye jimbo la Soyo, ilikuwa yake, lakini chombo cha kuvuka bahari hakikuwa chake. Aliomba apewe au auziwe meli. Hakupewa. Mitumbwi ya Wakongo iliweza kwenda mtoni na kando ya pwani, na hakuna nahodha mwingine wa kigeni wa kushindana na Wareno kwa bei. Kwa hiyo kila mzigo wa Kongo ulikuwa na mnunuzi mmoja tu, na ndiye huyohuyo mwenye gari.

Alijaribu kuzalisha wataalamu wake. Shule ya Mbanza Kongo ilikuwa na vijana kwa mamia, watoto wa wakubwa, na dada yake mfalme aliwafundisha wasichana. Mwanawe Henrique alipelekwa Ureno akiwa kijana, na mwaka 1518 akafanywa askofu. Alirudi nyumbani mwaka 1521. Afonso alitarajia Kongo itakuwa na mapadri wake na itaacha kuagiza kutoka nje, lakini Henrique aliugua mara kwa mara, na akafariki mapema kuliko baba yake.

Mali kauli kwa wakuu wa vijiji

Twende sasa kwenye mwaka 1526. Manuel alikuwa amefariki mwaka 1521, na kiti kilikuwa cha mwanawe João wa Tatu. Mwezi Julai Afonso alimwandikia barua ambayo wanahistoria wengi wanaitaja kuliko nyingine zote.

Malalamiko yake ya kwanza yalihusu bidhaa. Wafanyabiashara walikuwa wameacha kukaa bandarini na mji mkuu. Walizunguka nchi nzima wakiwa na nguo, shanga, mabeseni na vinywaji, wakiwapa wakuu wadogo vitu ambavyo zamani vilipatikana kwa mfalme peke yake. Wakuu hao, ambao utii wao ulitegemea zawadi kutoka Mbanza Kongo, sasa wengine walikuwa na mali kumzidi mfalme. Hakukuwa na sababu tena ya kupandisha kodi mlimani.

La pili lilihusu malipo. Mkuu wa kijiji aliyetamani bidhaa hizo alizipata papo hapo, na mara nyingi kwa mkopo. Alilipa nini? Shaba ilikuwa ya mfalme, nzimbu zilikuwa za mfalme, pembe za ndovu hazikupatikana kila siku. Kilichokuwa karibu ni watu. Kwa desturi ya Kongo mtumwa alikuwa mateka wa vita au mgeni aliyenunuliwa kutoka nje ya ufalme, na mtu huru aliyezaliwa Kongo hakupaswa kuuzwa ng'ambo. Mkopo ulipoiva, desturi ilivunjwa. Watu waliviziwa usiku, wakafungwa na kupigwa chapa ya chuma cha moto kabla mtu hajauliza ni nani. Kwenye meli walionekana watoto wa watu wa heshima na hata jamaa wa mfalme mwenyewe.

Afonso aliona nchi inapungua watu. Alimwomba João asitume tena wafanyabiashara wala bidhaa, isipokuwa mapadri na walimu, pamoja na divai na unga wa ngano kwa ajili ya misa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, katika barua iliyoomba pia matabibu na watu wa kuuza dawa, alieleza hatua aliyoichukua. Aliunda tume ya watu watatu, Pedro na Manuel ambao walikuwa wakuu wa Kikongo, na Mreno Gonçalo Pires. Mnunuzi yeyote alitakiwa kuwaarifu kwanza, wao wachunguze kama anayenunuliwa ni mateka halali au ni mtu huru. Asiyefanya hivyo ananyang'anywa.

Kati ya barua hizo mbili ipo miezi mitatu tu, na msomaji makini ataona kwamba ombi limepungua. Julai mfalme alitaka biashara ifungwe kabisa. Oktoba alitaka ikaguliwe. Sijui mfanyabiashara ambaye hajawahi kushuka ngazi namna hiyo mbele ya mnunuzi mkubwa: unaanza kwa kukataa bei, unamalizia kwa kuomba angalau mizani iwe ya haki. Lakini wakulima wanaopimiwa lumbesa hupoteza kilo kadhaa kwenye gunia, na hapa ukubwa wa kosa la mizani ulikuwa mtu mzima na maisha yake.

Jibu la João lilikuja mwaka 1529. Halikuwa na matusi. Alieleza kwamba haileti heshima kwa ufalme mkubwa kama Kongo kukataa biashara, kinyume na desturi ya mataifa yote, na kwamba meli zikikosa mzigo zitaacha kuja. Mwenye usafiri alikuwa ametaja sharti lake kwa lugha ya kirafiki. Afonso alizihitaji meli. Hakuwafukuza wafanyabiashara.

Soko linahamia ndani zaidi

Kilichofuata ni sehemu ambayo watu wengi wanaomsifu Afonso huwa wanaipita haraka, nami nadhani si haki kuiacha. Mfalme hakuwa mpinzani wa utumwa. Alikuwa na watumwa, aliwauza na kuwatoa zawadi, na alipigana vita kusini dhidi ya Waambundu vilivyomletea mateka wa kusafirisha. Alichopinga ni kuuzwa kwa watu wake huru, na biashara iliyokwepa mkono wake. Wale waliofungwa kwa sababu tu walizaliwa upande wa pili wa mpaka hawakuwa na tume ya kuwasikiliza.

Baada ya 1526 biashara ilipata utaratibu mpya. Badala ya kuwinda watu ndani ya ufalme, mawakala walipelekwa mbali, kwenye masoko ya Malebo, pale mto Kongo unapopanuka na ambapo leo ipo miji ya Kinshasa na Brazzaville. Eneo hilo liliitwa Pumbo, na wachuuzi waliokwenda huko wakapewa jina la pombeiro. Wengi wao walikuwa Waafrika au machotara waliotumwa na mabwana zao wa Kireno. Walipanda na nguo, chumvi na nzimbu, wakashuka na misafara ya watu kutoka nchi za Wateke na ng'ambo zaidi. Safari ilipita Mbanza Kongo, na ushuru ulilipwa.

Kwa hesabu za mapato mfalme alikuwa amepona. Mwaka 1536 afisa mmoja wa Kireno aliandika kwamba Mpinda ilikuwa inapakia watumwa kati ya 4,000 na 5,000 kwa mwaka, na kwamba wangesafirishwa zaidi kama meli zingetosha. Katika barua ya mwaka 1540 Afonso mwenyewe alimkumbusha João kwamba akiiweka Guinea yote upande mmoja na Kongo upande mwingine, ataona Kongo peke yake inamletea faida kubwa kuliko kwingine kote. Huyu ndiye yuleyule aliyeomba wasitumwe tena. Miaka 14 ilikuwa imepita, na sasa alikuwa anatumia wingi wa mzigo kama hoja ya kudai heshima na upendeleo.

Upendeleo alioutaka zaidi ni kwamba meli zije Mpinda peke yake. Wafanyabiashara wa São Tomé hawakutaka. Walikuwa wanakwenda kimya kimya kusini, kwenye ufalme wa Ndongo, ambako hakuna aliyewauliza maswali wala kuwatoza ushuru wa Kongo. Ndongo nayo, iliyohesabiwa na Afonso kuwa chini yake, ilikuwa imeshatuma wajumbe wake Lisbon tangu mwaka 1518 kutafuta biashara ya moja kwa moja. Yule muuza duka wa kijijini alikuwa ameipata ile simu ya kiwandani.

Katika mambo yaliyoletwa na meli zilezile lipo moja ambalo wakulima watalifurahia zaidi kuliko nguo na mabeseni. Mahindi kutoka Amerika yaliingia Kongo katika karne hiyo ya 16, na Wakongo wakayaita masa ma Mputu, yaani nafaka ya Ureno. Muhogo ulifuata kutoka Brazil. Huku pwani ya mashariki Wareno walituachia pia maneno, maana tukisema meza, bendera, leso na mvinyo tunatumia Kireno kila siku.

Miaka ya mwisho

Uzeeni Afonso alilipa gharama ndani ya nyumba yake. Karibu na mwaka 1540, siku ya Pasaka, Wareno wanane walimfyatulia risasi akiwa kanisani kwenye misa. Risasi moja ilipita kwenye pindo la vazi lake, nyingine ikamuua mtu wa karibu naye. Nyuma ya shambulio hilo alikuwapo padri mmoja wa Kireno. Sababu zilihusu nani adhibiti biashara na nani arithi kiti baada ya mzee huyo.

Katika kipindi hichohicho alituma kundi la vijana wa ukoo wake, wakiwemo wajukuu, kwenda Ureno kusoma. Vijana kama kumi hawakufika. Aliandika kuulizia habari zao, kama wamekufa au wako hai, bila kupata jibu la kumtuliza. Walikuwa wamepelekwa Brazil kama watumwa.

Tume ya mwaka 1526 haikuwa na mkono baharini. Ndani ya nchi mfalme angeweza kumnyang'anya mnunuzi mtu aliyeshikwa kwa hila. Nahodha akishang'oa nanga, hata mjukuu wa mfalme aliyebeba barua yenye muhuri alikuwa shehena kama shehena nyingine, na aliyejua alikoshushwa ni mwenye meli.

Afonso alipofariki alirithiwa na mwanawe Pedro. Mwaka 1545 Pedro aliondolewa na Diogo, mjukuu wa Afonso, akakimbilia kanisani kujisalimisha. Diogo alirithi pia ugomvi na kisiwa cha São Tomé, na mwaka 1548 uchunguzi ukafanyika bandarini Mpinda, mashahidi wakiulizwa meli ngapi zinakuja, zinapakia nini na nani anazichelewesha. Mwaka 1575 Wareno walishuka na jeshi Luanda, kwenye kile kisiwa cha kombe, na baadaye wakaanza kuleta kombe nyingine kwa meli kutoka Brazil na kuzimwaga sokoni, hadi kofo moja ya nzimbu ikawa hainunui kile ilichonunua enzi za Afonso.